GTX 1060 au RX 580? Geuza kwanza pawa saplai usome kibandiko

Mkuu wa Moshi, swali lako nimelisoma mara mbili. Una kompyuta ya Dell OptiPlex 9020 ya mnara, prosesa i5-4590, monita ya 1080p, laki mbili na nusu mfukoni, na umeonyeshwa kadi mbili za picha za mtumba (kifaa kinachochora picha za gemu kwenye kioo): GTX 1060 ya 6GB na RX 580 ya 8GB, nawe unauliza uchukue ipi. Waliotangulia wamekujibu "580, ina memori kubwa", wakaenda zao. Mimi nimeishi na zote mbili. 1060 nilikuwa nayo nikikaa Pasua, huko huko kwenu, na 580 niliichukua baada ya kuhamia Arusha. Hiyo 580 ilinitia adabu kabla haijanifurahisha. Kwa mashine uliyonayo, chukua 1060.

Nianze na mbio, maana najua ndicho unachotaka kusikia. Hizi kadi ni rika moja. 1060 ilitoka Julai 2016, 580 ikaja Aprili 2017, nayo kimsingi ni ile RX 480 ya 2016 iliyoongezwa mwendo. Kwenye 1080p zinafukuzana. GTA V zote zinapita fremu 60 kwa sekunde bila jasho, na magemu ya mpira ndiyo usiseme. Gemu ikitumia DX12 au Vulkan (njia mpya za gemu kuzungumza na kadi), mara nyingi 580 inatangulia kidogo. Ikiwa ni DX11, njia ya zamani, na prosesa ni ya zamani kama yako, 1060 inatulia zaidi, kwa sababu draiva (programu ya kuendesha kadi) ya AMD, watengenezaji wa 580, upande huo huipa prosesa mzigo mkubwa. Hiyo i5 ina kori nne tu. Ukiona gemu inakwama ukiingia mjini kwenye magari na watu wengi, hapo kadi haina kosa, na hata ukiweka nyingine utakwama pale pale.

Memori ya 8GB ina faida ya kweli, sikatai. The Last of Us Part I ilipofika kwenye PC mwaka 2023 ilikula memori ya kadi vibaya sana, na mwenye 6GB ilimbidi apunguze mipangilio. Lakini magemu mazito ya siku hizi yanazigomea kadi hizi kwa sababu nyingine kabisa. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 inadai kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing), na hapa hakuna yenye navyo. Hata ingekuwa na 16GB, isingefunguka.

Sasa niliyoyapata mwenyewe. Nilipochukua 580 nilijua inataka umeme mwingi, nikaingia duka moja katikati ya mji hapa Arusha nikanunua pawa saplai mpya (kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), boksi limeandikwa 500W kwa herufi kubwa nyekundu. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu, na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi kwamba haitanichosha kubeba hadi Sakina. Usiku ule nikacheza kama dakika ishirini. Giza. Nikadhani umeme umekatika, lakini taa ya chumba inawaka na feni inazunguka. Ni mashine tu iliyozima. Nikawasha tena, ikaja, nikafungua gemu, ikazima. Siku tatu nzima nilibadilisha draiva, nikafuta Windows nikaweka upya, bando likaisha, mpaka jirani ambaye ni fundi redio akaniambia niigeuze ile pawa saplai nisome kibandiko.

Pale kwenye mstari wa 12V paliandikwa 16A. Zidisha: 12 mara 16 ni wati 192. Kadi na prosesa zote zinakula kwenye mstari huo huo. 580 peke yake imepangiwa wati 185, na i5 kama yako 84. Jumla 269, na aliyeahidi 500 anatoa 192! Ile namba kubwa ya kwenye boksi ilikuwa pambo.

1060 imepangiwa wati 120. Ukijumlisha na prosesa yako unapata 204. Ndiyo maana Nvidia wanashauri pawa saplai ya 400W kwa 1060 wakati AMD wanashauri 500W kwa 580. Hiyo ya Dell uliyonayo ni 290W na haidanganyi, ila ina mambo mawili. Haina waya wa pini 6 wa kulisha kadi, na kichwa chake cha kwenye ubao ni cha pini 8, si zile 24 za kawaida. Kwa hiyo utanunua pawa saplai nyingine, nzito, hata ya mtumba lakini ya jina linalojulikana, ya 450W, pamoja na adapta ya kutoka pini 24 kwenda 8. Itoe kwenye hiyo laki mbili na nusu kabla hujatoa ya kadi.

Watakuja watu kukuambia usinunue, utumie kiwaya cha kutoa umeme wa SATA, ule wa diski, kwenda pini 6. Usithubutu. Kichwa cha SATA kimetengenezewa ampea 4.5 za 12V, yaani wati 54, na tundu la pini 6 linaruhusiwa kuvuta 75. Mimi nimenusa plastiki inayoyeyuka, si harufu unayoisahau. Kama pesa ya pawa saplai haipo kabisa, tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la umeme. Ina 4GB na inakula wati 75 kupitia ubao wenyewe.

Pima na nafasi, chukua futi kabisa. Kuna 1060 za feni moja zenye urefu wa sentimita 17 hivi. 580 ya Sapphire Nitro+ ina 26, na ndani ya kasha la Dell huenda ukagombana na kizimba cha diski.

Kuhusu bili ya umeme, watu wanatia chumvi. Tofauti ni wati 65. Ukicheza saa nne kila siku kwa mwezi, ni uniti 7.8, na uniti ikiwa shilingi 350 hivi, hiyo ni hela ya chipsi kavu. Joto ndilo la kufikiria. Huku Arusha mwezi wa saba 580 ilikuwa hita yangu, paka alihamia juu ya kasha hatoki. Kwa joto la Moshi la mwezi wa pili, na vumbi lile, utaisikia feni hadi sebuleni. Ukiwa nayo, zuia fremu zisipite 60, maana monita yako nadhani ni ya 60Hz, kisha punguza volti kidogo kwenye programu ya AMD. Yangu ilitulia sana baada ya hapo.

Halafu majina. Kuna 580 inayoitwa 2048SP, ilitoka 2018 kwa ajili ya soko la China, na ndani ni sawa na RX 570. 580 halisi ina viini 2304. Muuzaji anaweza kuwa hajui hata yeye. Fungua programu ya GPU-Z pale pale, angalia sehemu ya Shaders, ndiyo idadi ya viini. Na 1060 nayo ina pacha: ya 3GB haijapunguzwa memori tu, ina viini 1152 badala ya 1280. Iache.

580 nyingi zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana hadi uchimbaji huo ulipofungwa Septemba 2022. Kuchimba peke yake si kosa, ila wengine walibadilisha BIOS ya kadi (programu ya ndani inayoiongoza). Omba uicheze gemu nzito dakika kumi na tano mbele ya muuzaji. Vidoa vya rangi vikianza kurukaruka kwenye kioo, aga kwa heshima uondoke. Tingisha feni kwa kidole pia, iliyochoka inalegea.

Draiva, kwa kifupi: zote zimezeeka. Pascal, yaani familia ya 1060, ilipata draiva ya mwisho ya magemu Oktoba 2025, imebaki na marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. AMD waliiweka 580 pembeni tangu 2023. Ukiwa mtu wa Linux, hapo 580 inashinda wazi, draiva zake ni za wazi na jamii inazitunza. Ukiwa unafanya Blender, programu ya michoro ya 3D, geuza: Cycles, injini yake ya kuchora picha, iliacha kuitumia 580 tangu toleo la 3.0 la 2021, na 1060 bado inafanya kazi kwa CUDA, mfumo wa Nvidia.

Mimi leo natumia 580, na pawa saplai ya maana, na sina mpango wa kuitoa. Ila mashine yangu si Dell ya ofisini. Ile adapta ya pini 24 kwenda 8 ninayo, imelala kwenye droo tangu niuze OptiPlex yangu. Ukipanda Arusha nistue, uje uichukue bure.