Maswali ya Wasomaji: Dawa Kali Ndani ya Liposomu

SWALI: Amfoterisini B, dawa ya kuua fangasi na vimelea, inajulikana kwa kuumiza figo. Inakuwaje dawa hiyo hiyo, ikiwa ndani ya liposomu, mgonjwa wa kala-azar (ugonjwa unaoletwa na kimelea kiitwacho Leishmania) anaivumilia?

JIBU: Liposomu ni vifuko vya mafuta vidogo mno, chini ya nanomita 100. Kuta zake ni za fosfolipidi na kolestero, yaani aina za mafuta, na dawa hujishikiza humo ukutani. Amfoterisini huua kimelea kwa kunasa ergosterolo, mafuta ya utando wake, na kuutoboa. Bahati mbaya, kolestero ya seli zetu inafanana nayo kiasi, ndipo figo zinapodhurika. Ikishikwa na liposomu, ni kidogo tu inayolegea ndani ya damu. Halafu makrofaji, yaani seli za kinga, za ini, wengu na uboho, ambazo kazi yake ni kumeza vitu vigeni, huzimeza liposomu, na Leishmania huishi ndani ya makrofaji hizo hizo.

Kwa hiyo dozi inaweza kupandishwa. Amfoterisini ya kawaida hutolewa takriban miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Ya liposomu huvumilika kwa 3 hadi 5. Kusini mwa Asia mgonjwa hupewa 10 kwa mara moja tu, lakini dozi hiyo moja haiponyi vya kutosha Afrika Mashariki. Figo bado zipimwe, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha hali ya figo) pamoja na potasiamu, maana potasiamu hushuka kimyakimya.

SWALI: Dripu yetu ya dawa ya liposomu iliingia ukungu na chembechembe. Tulikosea wapi?

JIBU: Mshukiwa wa kwanza ni salaini, yaani maji ya chumvi. Chumvi huifanya dawa hii ijitenge na kuwa chembechembe, kwa hiyo isitumike kuyeyushia, kuchanganyia wala kusafishia mrija. Kichupa cha miligramu 50 kiwekewe mililita 12 za maji safi ya sindano yasiyo na kihifadhi, kitikiswe kwa nguvu papo hapo kwa sekunde 30, upate miligramu 4 kwa mililita. Ukitikisa kivivu, mabonge hubaki. Mgonjwa wa kilo 40 kwa dozi ya 3 anahitaji miligramu 120, yaani mililita 30 kutoka vichupa vitatu. Zipitishe kwenye chujio la mikroni 5, jipya kwa kila kichupa, ziingie katika mililita 50 za dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 5. Mchanganyiko utakuwa miligramu 1.5 kwa mililita. Uende taratibu kwa saa mbili. Mgonjwa akilalamika kifua kubana au mgongo kuuma, simamisha dripu na umwite daktari.

SWALI: Ya liposomu ikiisha, tunaweza kutumia ya kawaida kwa dozi ile ile?

JIBU: Hapana kabisa. Miligramu 3 hadi 5 kwa kilo za ile ya kawaida zinaweza kusimamisha moyo. Kwenye cheti cha dawa andika jina kamili, pamoja na neno liposomu, si “amfoterisini” peke yake.