Mume ana kampuni, wewe una mradi wa wafadhili: tamka mapema, tamka kwa maandishi

Juzi usiku nimepata meseji ya binti mmoja, mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja hapa hapa Tanzania, nikamuomba ruhusa nimjibu hadharani maana najua hayuko peke yake. Ameandika hivi: "Shikamoo Dokta. Nimeingizwa kwenye mradi wa hela za NIH kupitia chuo cha Marekani. Wametuma fomu ya kutamka maslahi ya kifedha. Mume wangu ana kakampuni ka vifaa vya maabara na mimi nina hisa kidogo humo, faida hatujawahi kuiona. Wenzangu wananiambia weka hapana kila mahali, hizo fomu hakuna anayezisoma. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. NIH, kwa msiojua, ni taasisi za afya za serikali ya Marekani zinazofadhili utafiti. Usiweke hapana. Hizo fomu zinasomwa, na siku zinaposomwa kwa makini ni siku ambayo mtu ameshakuchongea, kwa hiyo bora wakute umeandika mwenyewe kwa mkono wako.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Mimi na wenzangu tulipata mradi wa kulinganisha vipimo vya haraka vya malaria, hizi mRDT tunazozijua wote, na hadubini kwenye vituo vya afya vya wilayani. Granti, yaani fedha za utafiti, ilishikwa na chuo cha Marekani, sisi tukakatiwa kipande chetu, na mimi ndiye niliyekuwa mtafiti mkuu upande wa huku. Nilikuwa na furaha isiyo na mfano, maana kuandika maombi ya granti ni kazi ya kukesha na mara nyingi unakesha bure. Sasa mume wangu na rafiki zake wawili walikuwa na kampuni ya kuagiza vifaa vya hospitali, glavu, slaidi, sindano, na kwenye orodha yao kulikuwa na kipimo kimojawapo kati ya vile tulivyokuwa tunavipima. Biashara ilikuwa changa, wanadaiwa kodi ya pango, lakini hisa ni hisa.

Fomu ilipokuja nilikaa nayo. Nakiri kishawishi kilikuwepo. Mume wangu mwenyewe aliniuliza, "Sasa hiyo kampuni inawahusu nini Wamarekani?" na ofisini mtu mzima mwenye cheo aliniambia nikiandika nitajitafutia matatizo, wataninyang'anya mradi wampe mwanaume fulani aliyekuwa anautolea macho. Nikasali, nikalala, asubuhi nikaandika kila kitu, jina la kampuni, asilimia ya hisa za mume wangu, bidhaa wanazoleta, nikaambatanisha na karatasi za usajili. Nilifanya hivyo kabla mkataba haujasainiwa, na hilo nalijivunia mpaka leo, sitaona haya kulisema.

Sasa ngoja nieleze kanuni yenyewe kwa ufupi maana watu wengi wanaisikia kwa mbali tu. Ni kanuni ya serikali ya Marekani ya mwaka 1995, ikakazwa 2011, na vyuo vikatakiwa kuanza kuifuata ilivyokazwa ifikapo Agosti 2012. Zamani kiwango kilikuwa dola 10,000, sasa hivi ni dola 5,000 kwa miezi 12 iliyopita. Hapo wanajumlisha malipo uliyopata kwenye kampuni, na kama kampuni iko kwenye soko la hisa basi na thamani ya hisa zako. Lakini kwa kampuni binafsi, yaani hizi zetu za watu watatu kusajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hakuna kiwango, hisa yoyote ile inahesabika hata kama haijawahi kuleta faida ya shilingi. Kwa hiyo hiyo ya kusema "kakampuni kadogo" haikusaidii. Za mume au mke zinahesabika kama zako, na za watoto wanaokutegemea pia. Kuna kipengele cha safari unazolipiwa na watu wengine, kuna cha mrabaha wa ugunduzi. Ukipata maslahi mapya katikati ya mradi una siku 30 za kuyatamka, na kila mwaka unarudia fomu. Na usidanganyike kwamba ni ya Wamarekani peke yao, hela ikishavuka bahari kuja kwenu mnaifuata, na kwenye mkataba lazima iandikwe kama mtatumia sera ya chuo chenu au ya kile kilichoshika granti.

Kitu ambacho vijana hawakielewi ni kwamba kuwa na maslahi siyo kosa. Narudia, siyo kosa. Kazi yako ni kutamka, kazi ya kuamua kama kuna mgongano wa maslahi ni ya chuo, siyo yako. Wewe ukikaa chumbani ukajiamulia kwamba "hii haina shida" umeshafanya kazi ya kamati ya chuo, na hapo ndipo watu wanapoharibikiwa.

Nitawapa mfano wa mtu mkubwa kuliko sisi wote. Charles Nemeroff, daktari wa magonjwa ya akili pale Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, mkuu wa idara, jina kubwa kabisa. Mwaka 2004 aliahidi chuo chake kwa maandishi kwamba malipo yake kutoka kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline hayatazidi dola 10,000 kwa mwaka, kwa sababu alikuwa anaongoza utafiti wa NIH unaohusu dawa za kampuni hiyo hiyo. Mwaka huo huo akalipwa kama dola 170,000. Seneta Grassley alipoanza kufukua mwaka 2008, chuo kikaja kukiri kwamba zaidi ya dola 800,000 za kampuni hiyo hakuzitamka kwa miaka kadhaa, na ukuu wa idara akaupoteza. Sasa fikiria, kwenda kutoa mihadhara kwa kulipwa ni halali kabisa, angeandika tu wangempangia utaratibu, labda wangempa mtu mwingine aongoze ule utafiti na maisha yakaendelea.

Na kabla yake kuna kijana Jesse Gelsinger, miaka 18, aliyefariki Septemba 1999 kwenye jaribio la tiba ya jeni Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mkuu wa taasisi iliyofanya jaribio lile, James Wilson, alikuwa ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Genovo na ana hisa humo, na chuo chenyewe kilikuwa na sehemu yake. Sisemi hela ndiyo iliyomuua yule kijana, wala hakuna aliyelithibitisha hilo. Ila mzazi aliyezika mtoto akisikia habari ya hisa, utamwambia nini akuelewe? Mimi nina watoto, kila nikiandika fomu ya ridhaa ya wanaoshiriki utafiti namkumbuka yule baba. Mama anayeleta mtoto ana homa kituo cha afya, anachomwa kidole kwa ajili ya utafiti wangu, ana haki ya kujua nani anakula na nani.

Turudi kwenye yangu. Kamati ikakaa, ikanipa mpango wa kusimamia mgongano, karatasi mbili na nusu. Nikatolewa kwenye kila kitu cha manunuzi, sikai kikao cha tathmini ya zabuni, sisaini oda, hata kuulizia bei siruhusiwi. Kampuni ya mume wangu haileti hata kibiriti kwenye mradi. Waliosoma slaidi za damu kwa hadubini hawakuonyeshwa majibu ya mRDT, na takwimu zikachambuliwa na mtu wa taasisi nyingine kabisa, mimi matokeo nikaja kuyaona siku moja na wenzangu wote. Kwenye fomu ya ridhaa ikaongezwa sentensi ya Kiswahili inayosema ndugu wa mtafiti ana biashara inayouza kipimo kimojawapo, tukairudisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wakapitia mabadiliko. Na kila nilipokwenda kuwasilisha, slaidi ya pili inasema hivyo hivyo.

Mume wangu alinuna, sitaficha. Ile oda ya mradi ingewasaidia kulipa deni. Kuna kipindi nyumbani tulikuwa tunaongea habari za ada na luku tu. Namshukuru Mungu ni mtu wa kutafakari, baadaye akawa yeye ndiye anayeniuliza "umeshatamka?" kila wakipata mzigo mpya.

Kilichoniumiza zaidi ni wenzangu. Neno likatembea korido nzima kwamba ule ni "mradi wa mumewe", kwamba nimevuliwa manunuzi kwa sababu nimeiba. Watu waliokuwa wanakula na mimi chakula cha mchana wakaanza kunyamaza nikiingia. Na mwaka wa pili ikaenda barua isiyo na jina mpaka kwa wenzetu wa Marekani, inadai nampa mume wangu tenda. Barua ile nilisomewa, na kuna maelezo ndani yake ambayo watu wa nje hawakuyajua. Nani aliandika nadhani namjua, nimemsamehe kwa mdomo, moyo bado unachelewa.

Wakaja kukagua. Mimi nikatoa faili. Fomu ya kwanza, tarehe yake kabla ya mkataba. Mpango wa kamati, saini. Mihtasari ya vikao vya manunuzi, jina langu halipo kwenye mahudhurio hata kimoja. Oda zote, wasambazaji wote, kampuni ile haipo. Barua pepe yangu ya kutamka pale mume wangu alipoongeza hisa, imetumwa wiki ile ile. Kikao kikaisha kabla ya chai ya saa nne. Yule mama mkaguzi akaniuliza kama anaweza kuchukua nakala ya mpango wetu akautumie kuwafundishia wengine, na mradi ulipoongezewa muda ni mimi tena niliyeongoza.

Kama ningeweka "hapana" unajua kingefuata nini? Kanuni inakitaka chuo, kikigundua mgongano haukutamkwa au haukusimamiwa kwa wakati, kipitie upya kazi yote ndani ya siku 120 kuangalia kama utafiti ulipindishwa. Yaani data za watoto wale wote, jasho la wahudumu wa vituo, wanafunzi wangu wawili wa uzamili waliokuwa wanaandikia tasnifu humo humo, wote wanasubiri kwa sababu ya alama moja ya tiki.

Kwa hiyo ushauri wangu, jamani, tamka mapema. Ukiwa na shaka, tamka. Ukiambiwa haina haja, tamka kwa barua pepe ili ile "haina haja" nayo iwe na maandishi na jina la aliyeisema. Ya mdomo kwenye korido hayana tarehe. Weka faili lako mwenyewe nyumbani, usitegemee la ofisi, watu wanahama, kompyuta zinaibiwa, mafaili yanapotea.

Na kuna jambo ambalo fomu hailiulizi na mimi nalifuata kwa hiari. Kanuni ya Wamarekani inaishia kwa mume au mke na watoto wanaokutegemea. Familia zetu haziishii hapo. Kaka aliyekusomesha ana duka la dawa, shemeji ndiye wakala wa mashine za maabara, mjomba ana gari linalokodishwa na mradi kwenda vijijini, na wote hao wakikuomba kitu kukataa ni kesi ya ukoo mzima. Dereva wa mradi akiwa mtoto wa dada yako hakuna fomu ya Washington itakayokukamata, lakini kituo kizima kinajua. Mimi niliandika na kaka yangu. Ofisi ya utafiti ikashangaa, ikaniambia haitakiwi, nikawaambia iwekeni tu. Siku kaka alipokuja kuniomba nimpigie debe kwa watu wa manunuzi, nilikuwa na jibu la kweli la kumpa, kwamba jina lake liko kwenye faili na nikifungua mdomo tunaharibikiwa wote wawili. Alikasirika siku chache yakaisha, ndugu haachwi kwa tenda.

Niseme na wakubwa wa vyuo pia, maana hili siyo la vijana tu. Mnawatisha watu. Anayetamka anatazamwa kama mwizi, anayenyamaza anaonekana mjanja, halafu mnashangaa kwa nini fomu zote zinarudi zimejaa hapana. Mtu akitamka mwiteni, mshukuruni, mpangieni utaratibu ndani ya muda mfupi, na mkawaambie wenzake kwamba ametimiza wajibu. Mimi hilo la mwisho sikufanyiwa, na lingenipunguzia machozi mengi sana.

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia. Kesho asubuhi ingia kwenye mfumo wa BRELA utoe taarifa ya kampuni inayoonyesha wanahisa na idadi ya hisa zao, uiambatanishe. Kwenye fomu andika jina la kampuni kamili, hisa zako, hisa za mumeo, wanauza nini na kama kuna chochote wanachouza ambacho mradi wenu utakitumia au kukipima. Pale wanapouliza faida andika haijawahi kupatikana, kwa sababu ndiyo kweli yenyewe. Tuma kwa ofisi ya utafiti, nakala kwa mtafiti mkuu, nakala kwako. Na ongea na mumeo leo kabla hujatuma, asije akayasikia kwa watu.