Maswali na majibu: Matraki haitakulinda mu boloko

SWALI: Jambo papa. Wamenipokea kazi ya ulinzi mu boloko (gereza) moja ya huku Katanga, naanza mwezi unakuja. Mimi niko mwembamba na si murefu. Yaya yangu ananiambia nitafute matraki (fimbo ya mulinzi) na nijifunze karate mbio mbio, na kuko mutu moja anatoa formasyo ya siku tatu, breve (cheti) na picha ndani ya tenue (nguo ya kazi), dola hamsini. Niende? (Kijana wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mwana, usiende. Hizo dola ununue viatu ya nguvu na kaye ya kuandikia, vitakusaidia kupita ile breve.

Ulizo yako inanifikia kila mara wakiandikisha walinzi wapya, inabadilika tu jina ya mutaa. Vijana wanaogopa mwili yao ni kidogo, halafu anatokea mutu mwenye hajalinda hata kuku anawauzishia mateke mu kiwanja ya mupira, siku tatu, picha, kwisha. Wengine wanauzisha mpaka dawa ya kujipaka, eti kisu haiingie. Inaingia, mwana.

Piga hesabu weye mwenyewe. Ku zamu munaweza kuwa watatu ao wane, na mu uwanja kuko mamia ya watu, sasa hiyo karate utaipiga nani utaacha nani? Siku wenye kuwa ndani wanaamua kukupiga watakupiga, ukuwe na kilo hamsini ao mia moja. Kazi yako ni ile siku isifike. Hata bunduki haitengenezi hiyo hesabu: gereza ya Makala ya Kinshasa ilijengwa kwa watu 1,500, wakaiweka watu mara mingi kupita pale, na ile usiku ya kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, wafungwa wakijaribu kutoroka, silaha zilikuwako. Serikali yenyewe ilihesabu wafu 129, na 24 tu njo walikufa na risasi, wengine ni kusongamana na kukosa pumzi.

Lakini kitu yenye inanikasirisha zaidi ni ile maneno ya "lazima wakuogope". Mufungwa mwenye anakuogopa anakunyamazia. Anaona wenzake wananoa chuma ku simenti, ananyamaza, juu siku alikuomba maji ulimutukana. Sasa yule mwenye unamuita na jina yake, mwenye ulimuambia "nitauliza dosye yako ku grefu" (ofisi ya madosye) na kweli ukaenda, ukamuletea jibu, hata kama jibu ni mbaya, huyo atapita karibu yako asubui na kusema pole pole, chef, leo usikae upande ya jiko. Na usiahidi kitu yenye hauwezi, ahadi ya bule inaumiza kupita tusi.

Njo kazi ya ile kaye. Andika nani ameacha kula vungule (chakula ya boloko) na wenzake, nani amebadilisha fasi ya kulala, nani anaomba kuhamishwa paviyo bila kusema sababu, watu gani wanaanza kuficha chakula, nani analala na viatu ku miguu. Uwanja yenye ilikuwa na makelele kila siku ikinyamaza gafla, usifurahi, ita wenzako. Mwenye anakohoa kupita wiki mbili naye umuandike, umupeleke ku enfirmeri, juu kifua kikuu haiangalie nani iko na tenue.

Funguo uzishike ndani ya kiganja, meno isionekane. Kuko watu wakiiangalia vizuri wanaweza kuichonga, na kuiganda mu sabuni ni kitu ya sekunde tu. Mukifungua selo mukuwe wawili, moja anafungua, moja anaangalia. Simama kidogo pembeni, mbali ya mukono yake, viganja wazi mbele ya tumbo, njia ya kutoka ibakie nyuma yako. Sauti yake ikipanda, yako ishuke. Matraki inakuja kisha hayo yote kushindwa, kwa kipimo ya kumuzuia tu, na palepale unaripoti kwa direkta. Kushika mutu bila kumuvunja iko na masomo yake, inafundishwa na kurudiliwa, haiingii mu siku tatu.

Najua mushahara inachelewa, na njo pale watakukamatia. Inaanzaka na sigara moja, kisha simu ya dakika mbili, kisha unaambiwa lete hii, ukikataa tunasema yote. Kataa ile sigara ya kwanza.

Sasa acha niseme na wakubwa pia, juu hii njia ya mukato haiko ya vijana peke yao. Kuko fasi walinzi wamechoka, wako kidogo, basi wanaachia kapita (mufungwa mwenye wamemuweka juu ya wenzake) afanye yote: ahesabu watu ku appel, agawe fasi ya kulala, alipishe wapya, achape. Wanaona kuko utulivu. Kumbe boloko iko na mukubwa mwingine, na mulinzi amekuwa mugeni wake. Kanuni za Nelson Mandela za kutunza wafungwa, zenye Umoja wa Mataifa ilipitisha 2015, zinakataza wazi ku kanuni ya 40 mufungwa kupewa kazi ya kuazibu wenzake. Kapita wa kufagiza uwanja, sawa. Kapita wa adabu, hapana. Kuhesabu ufanye weye, uso kwa uso, jina kwa jina, hata kama chai inapoa.

Na hapa Lubumbashi hatuna ruhusa ya kusahau gereza yetu ya Kasapa, Septemba 2020, wakati ya fujo ya wafungwa, wanaume waliingia upande ya wanawake na wakawabaka siku kwa siku. Kanuni ya 81 inasema upande ya wanawake iongozwe na mulinzi mwanamuke, na funguo zote za pale akuwe nazo yeye, na mulinzi mwanaume asiingie pale bila kusindikizwa na mulinzi mwanamuke. Kwa hiyo siku yako ya kwanza, mbele ya kuuliza matraki iko wapi, uliza ufunguo ya upande ya wanawake iko kwa nani. Wakikujibu eti kwa kapita, ao inategemea zamu, andikia direkta barua siku ileile, na ubakie na kopi.