Nakala za kale zaidi za Kibuddha haziko Sri Lanka

Umeuliza kama nakala kongwe kabisa za Kibuddha ni zile za Sri Lanka, za Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha. Hapana. Zile ziliandikwa kwenye majani ya jamii ya mitende, na kwa joto na wadudu wa kule nyingi zilizobaki ni za karne ya 18 na 19.

Kongwe zaidi zinatoka Gandhara, mpakani mwa Pakistan na Afghanistan ya leo, kwa lugha ya Kigandhari. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilipata magombo ya huko mwaka 1994, ya karne ya 1 hivi, yaliyokuwa ndani ya vyungu vya udongo. Ni magome ya mti, makavu kiasi cha kumeguka yakiguswa! Wahifadhi waliyapa unyevunyevu usiku kucha, wakayakunjua taratibu kwa kibano, kisha wakayabana kati ya vioo. Kazi ya subira kweli kweli. Richard Salomon wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake ndio waliojitolea kuyasoma.

Ila usichanganye umri wa nakala na umri wa maneno yenyewe. Shairi la kifaru, linalomhimiza mtawa atembee peke yake, limo katika Kipali na Kigandhari pia, na mpangilio wa beti unatofautiana; yaani maneno yanaweza kuwa ya kale kuliko nakala tulizo nazo.