Je, Jina la Mtoa Habari Laweza Kufichwa Mahakamani?

Swali: Niliwapigia polisi simu kuhusu ghala la mtaani kwetu lililokuwa likifichwa pikipiki za wizi. Mshukiwa, ambaye ni jirani yangu, amekamatwa, na sasa mpelelezi anataka niandikishe taarifa. Je, sheria ya Kenya inaweza kulificha jina langu?

Jibu: Ndugu msomaji, hadi sasa wewe ni mtoa habari tu, lakini ukishatia sahihi taarifa hiyo utakuwa shahidi, na kinga za wawili hao hazifanani.

Sheria ya Ushahidi haimlazimishi afisa wa polisi kutaja mahakamani alikopata habari za uhalifu. Hata hivyo, katika uamuzi wa kesi ya Kigecha Njuga ya mwaka 1965, mahakama ilikiri kwamba watoa habari wakijulikana maisha yao huweza kuwa hatarini, lakini ikasisitiza kuwa upande wa mashtaka ukitaka yale waliyowaambia polisi yasikizwe kwa undani, ni sharti waitwe wenyewe kutoa ushahidi. Kwa hiyo muulize mpelelezi, kabla hujaandika lolote, iwapo kesi inaweza kusimama bila wewe. Pikipiki zilizonaswa, nambari za chesisi zinazolingana na rekodi za usajili, na wenye mali waliozitambua huenda zikatosha, hasa ikiwa hukushuhudia zaidi ya hayo uliyoyasema kwenye simu.

Ukiwa shahidi, Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kuufahamu mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake na kuupinga. Kifungu hicho hicho kinairuhusu mahakama kuwaondoa wanahabari na umma ili kumlinda shahidi, nayo Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ya mwaka 2006, iliyorekebishwa 2010, inaruhusu jina bandia, ushahidi kwa njia ya video, kufichwa kwa sura au sauti, na kufutwa kwa maelezo yanayoweza kukutambulisha. Kwa maoni yangu, hapo kwenye kufuta ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Jina linaweza kufutwa vizuri kabisa, kisha mstari wa tatu wa taarifa ukasema, “nilikuwa nikifunga duka langu la dawa lililo mkabala na lango la ghala.” Jirani yako atahitaji jina la nini tena? Isome taarifa yako neno kwa neno, na uombe ulinzi kabla nakala haijakabidhiwa upande wa utetezi, kwa kuwa baada ya hapo hakuna amri itakayomsahaulisha mshtakiwa aliyoyasoma.

Kuhamishwa makazi au kubadilishiwa utambulisho ni jambo linaloamuliwa na Shirika la Kuwalinda Mashahidi, ambalo hupima uzito wa kosa, umuhimu wa ushahidi na aina ya hatari. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni kesi yako ikifika huko.

Ukitishwa, usifute ujumbe hata mmoja, na umjulishe kiongozi wa mashtaka mara moja. Kuwaingilia mashahidi ni miongoni mwa sababu zinazoweza kumfanya mshtakiwa anyimwe dhamana au ile aliyopewa ifutwe, lakini mahakama hutaka kuonyeshwa ushahidi wa vitisho hivyo, aghalabu kupitia hati ya kiapo, wala haitosheki na hofu pekee.