Kabla ya Kununua Antibayotiki ya Pili, Omba Kalcha ya Mkojo

Nauza dawa mtaani Umoja, Nairobi. Jioni watu wakishuka matatu, ombi huwa lile lile: "Daktari, nipe zile za rangi mbili, za hamsini tu." Hamsini hununua vidonge vichache, si dozi. Hizo ni antibayotiki, dawa za kuua bakteria. Siuzi, tena sheria inataka karatasi ya daktari. Mtu huondoka amenuna, na inaniuma kujua kwamba kuna duka litakalomuuzia.

Wengi wao wana mafua. Mafua ni virusi, na antibayotiki haiui virusi hata umeze pakiti nzima. Huua bakteria wanyonge waliomo mwilini, wakiwemo wale wa tumboni tunaowahitaji. Wanaobaki ni sugu, yaani dawa haiwaui. Huzaana, na hata hupeana jeni za usugu, aina moja ya bakteria kwa nyingine. Mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Ninaowahangaikia zaidi ni kina mama na kina dada wenye maambukizi ya njia ya mkojo. Mmoja amemeza Septrin, haikufua dafu. Leo anataka siprofloksasini, na ikikataa atataka sindano. Mara nyingi chanzo ni bakteria aitwaye E. koli, na baadhi ya E. koli hutengeneza vimeng'enya vinavyovunjavunja penisilini na jamaa zake kabla hazijafanya kazi. Kwa hiyo kubadilisha dawa kwa kubahatisha kunaweza kukupa dawa nyingine ambayo bakteria huyo huyo ameshaizoea.

Dawa ya kwanza ikishindwa, rudi kwa daktari umwombe kalcha ya mkojo. Maabara huotesha bakteria, kisha huwajaribu kwa dawa mbalimbali. Toa mkojo kabla ya kuanza dawa nyingine. Jisafishe, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye kopo la maabara, bila kugusa ndani yake. Upeleke mara moja. Ukichelewa, uwekwe kwenye friji. Majibu huchukua siku mbili tatu hivi. Herufi S kando ya jina la dawa maana yake bakteria huyo bado anaiogopa, R, ameishinda. Hata hivyo usijichagulie kwenye orodha, kwani mimba, figo na mzio hubadilisha uamuzi. Piga picha ya majibu hayo uyahifadhi kwenye simu. Daktari atakayekuona mwakani atakushukuru.

Najua kalcha ni ghali kuliko vidonge, na kwa nyumba nyingi hapa Eastlands hiyo ni pesa ya unga. Lakini jumlisha dawa zote zilizokwisha kushindwa, kisha ulinganishe.

Jambo moja halisubiri majibu: homa na baridi kali, maumivu ubavuni, kutapika, au mkojo unaochoma ukiwa mjamzito. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Watachukua mkojo wa kuotesha na kukuanzishia matibabu, kisha dawa ibadilishwe majibu yakitaka hivyo.