Mapenzi na dhahabu ya wizi: tafuta Touchez pas au grisbi

Mkuu, umeomba filamu ya zamani ya Ulaya yenye wizi na mapenzi, isiyo ya risasi mwanzo mwisho. Nakupa moja tu: Touchez pas au grisbi, ya Ufaransa, 1954, ya mwongozaji Jacques Becker. Jina lake ni kama kusema "msiguse mzigo", na mzigo wenyewe ni vipande vya dhahabu, kilo 96, vilivyoibwa uwanja wa ndege wa Orly.

Wizi wenyewe hutauona. Filamu inaanza dhahabu imeshafichwa. Mara ya kwanza nilisubiri nusu saa nzima waingie kazini, nikazima.

Kinachowaponza ni mapenzi. Max (Jean Gabin) amechoka na kazi hiyo, anataka apumzike. Mwenzake wa miaka mingi, Riton, amezama kwa Josy, mnenguaji kijana (Jeanne Moreau kabla hajavuma), na ili aonekane mtu mbele yake akamdokezea habari za dhahabu. Josy ana bwana mwingine, Angelo. Siri ikafika huko. Angelo ni Lino Ventura, aliyekuwa mwanamieleka. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza, na mabega yake tu yanatisha.

Sasa kuna kipande nakusihi usikiruke. Max anampeleka Riton kwenye nyumba yake ya siri. Ana kila sababu ya kumtukana. Badala yake anafungua mvinyo, wanakula mkate mkavu wa kupaka maini ya kusaga, kisha anampa nguo za kulalia na mswaki. Riton anajitazama kwenye kioo, anajipapasa makunyanzi.

Miaka kadhaa baadaye rafiki yangu aligonga mlango wangu usiku wa manane, mtaji wote umekwisha, na nilikuwa nimemwonya. Tukala mkate na maharage yaliyobaki mchana, nikamtafutia shuka. Wiki hiyohiyo niliiwasha tena filamu hii, na ilipofika kwenye mswaki machozi yakanitoka.

Baadaye Angelo anamteka Riton na kudai dhahabu. Max anamlaani Riton kimoyomoyo, anamlaani sana, halafu anakwenda kuitoa.

Tafuta nakala yenye tafsiri ya maandishi chini, na usiwahi kuzima: ile tuni ya hamonika ya Jean Wiener ambayo Max anaipenda inarudi mwishoni, na wakati huo utakuwa unajua amepoteza nini.